Waifai Ilikufa Siku ya Idi, Nikamsingizia Jirani

Shangazi Mabruka mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo gazetini, na kama unasoma barua hii umesimama basi tafadhali kaa kwanza, maana haya ninayokuandikia sijamwambia mtu yeyote, si mama yangu, si mchumba wangu, wala wenzangu wa chama, na kila nikikumbuka kwamba Jumapili hii natakiwa kubeba matofali ya ukuta unaojengwa kwa sababu ya uongo wangu mwenyewe, naiacha sahani naondoka mezani. Majina nimeyabadilisha yote, nawe nakuomba usiulize mtaa.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na tisa, wa hapa hapa Sfax, kazi yangu ni kuandika programu, naifanyia nyumbani, tena ni katibu wa chama chetu cha watumiaji wa Linux, tunaokutana kila Jumamosi kwenye mkahawa wa nyuma ya soko la samaki. Sasa Shangazi, labda wewe Linux huijui, na kwa mtu wa rika lako si ajabu: ni mfumo wa kuendeshea kompyuta, ni wa bure, unaundwa na watu wa dunia nzima, na ndani yake kuna kitu tunakiita keneli, ndicho kiini chenyewe, na kila kifaa kilichomo kwenye mashine, iwe spika, iwe kadi ya waifai, kinahitaji kiprogramu kidogo cha kukipatanisha na hiyo keneli, nacho tunakiita draiva. Nimejitahidi kueleza kwa lugha nyepesi.

Nimechumbia binti mmoja mfamasia, nimwite Rihab, na baba yake nimwite Ami Tayeb, alikuwa mkuu wa stesheni ya reli mpaka alipostaafu, mtu wa saa na dakika, na mwanzoni hakunitaka kabisa, alimwambia binti yake, "Anakaa ndani mchana kutwa na kompyuta, hiyo ni kazi au ni ugonjwa?" Aliyeniokoa ni jirani yao wa ukuta kwa ukuta, nimwite Ami Moncef, fundi viatu, rafiki yake Ami Tayeb wa miaka arobaini, ambaye siku wazee wetu walipokwenda kuposa alisimama mbele ya watu akasema, "Tayeb, kijana huyu namjua tangu anavaa kaptula. Makuu hana, lakini hasemi uongo. Mpe." Nikapewa, Shangazi, kwa neno hilo hilo la kwamba sisemi uongo.

Basi nilipokwishapewa nikataka nionekane wa maana. Ami Tayeb alikuwa na laptopu ya siku nyingi iliyokuwa ikijikokota, nikaufuta mfumo wake, nikamwekea Linux, ikawa nyepesi kabisa, inawaka kabla hajavaa miwani, isipokuwa waifai iligoma, kwa sababu kadi yake ni ya zile zinazotaka draiva ya pembeni. Sasa draiva hiyo ipo kwenye kifurushi tayari, unakiweka kwa amri moja, na keneli ikibadilika kinajijenga upya chenyewe bila kuguswa, lakini sisi chamani anayetumia kifurushi tunamwona mvivu, tunamwita mla vya kupikiwa, kwa hiyo mimi katibu nikachukua msimbo wenyewe, yaani maandishi ghafi ya programu, nikaujenga kwa mkono, mzee amekaa ubavuni mwangu, maandishi yanateremka kwenye kioo, ananitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuipata kwake, ananiuliza, "Mashallah, na yote hayo unayajua kwa kichwa?" Nikasema ndiyo. Nikaificha na ile menyu ya kuwashia, inayotokea mashine inapoanza kuwaka, kwa sababu alisema maandishi meupe kwenye weusi yanamtia wasiwasi.

Kitu kingine ujue kwamba waifai yenyewe ni ya Ami Moncef. Alimpa mwenzake neno la siri miaka mitano iliyopita, na kila mwaka zeituni zikishakamuliwa Ami Tayeb anampelekea mafuta ya shamba lake, hakuna anayepima mafuta wala anayepima mtandao, ndivyo wanavyoishi.

Sasa ndiyo ikaja Idi hii iliyopita, nikaenda kwao na zawadi ya sikukuu ya mchumba kama desturi inavyotaka, nyumba inanukia samaki wa chumvi na sharmula, mchuzi wetu wa vitunguu na zabibu, mashangazi wa Rihab wamejaa sebuleni, na saa kumi kamili dada yake Olfa, aliyeolewa ng'ambo, Lyon, atapiga simu ya video amwonyeshe baba yake mjukuu wa kwanza akiwa na nguo za Idi, mtoto wa miezi mitatu ambaye mzee hajawahi kumshika. Ami Tayeb tangu saa nane amekaa mbele ya laptopu na jebba yake ya hariri, joho la sikukuu, na kofia nyekundu. Saa tisa akaniambia, "Mwanangu, hebu iangalie kama iko tayari." Na Shangazi, ilikuwa tayari! Mtu mwingine yeyote angesema iko tayari akaenda zake kula. Mimi nikaona alama ndogo pembeni inasema keneli mpya imetoka, na hapo sijui nikueleze vipi, mkono ulianza kuniwasha, nikajisemea ni dakika tano tu, nikasasisha, nikazima, nikawasha.

Waifai haipo. Si kwamba inasumbua kushika, haipo, mashine yenyewe haikumbuki kama iliwahi kuwa na kadi ya waifai, na mimi papo hapo nikajua nimefanya nini, ile draiva niliyoijenga kwa mkono ilikuwa imejengewa keneli ya zamani na hii mpya haiitambui.

"Vipi, mwanangu?" akauliza Ami Tayeb.

"Dakika moja, Ami."

"Stesheni kwangu dakika moja ilikuwa dakika moja," akasema, na mashangazi wakacheka.

Mama yake Rihab, Mama Zakia, akanitetea, "Mwache kijana wa watu, usimpe presha na njaa." Rihab naye, bila nia mbaya, akainua simu yake akasema, "Mbona kwangu waifai inashika vizuri tu?"

Mzee akavua miwani, akanigeukia. "Ya Rihab inashika na yangu haishiki. Umeifanya nini?"

Umeifanya nini! Mbele ya mashangazi wanne, Shangazi, siku ya Idi, mimi katibu! Mdomo wangu ukafunguka wenyewe nikasikia unasema, "Ami, mashine haina kasoro yoyote. Labda mwenye mtandao ameizuia. Inawezekana kabisa kuizuia mashine moja na kuziacha nyingine."

Kumbe juzi yake wale wazee wawili walikuwa wamegombana mkahawani kwenye karata, Ami Tayeb akidai mwenzake ameificha saba ya uru, karata yenye thamani kubwa katika mchezo wao, ndani ya mkono wa shati, na mimi sikuwa na habari. Akasimama polepole akasema, "Alaa! Kwa ajili ya saba ya uru, Moncef ananinyima mjukuu wangu." Nilikuwa na nafasi ya kusema hapo, Shangazi, nafasi pana kabisa, na sikusema. Mtoto wakamtazama kwenye simu ya Rihab, mzee akiisogeza na kuisogeza, anauliza, "Kichwa kiko wapi?", na mimi nikala sharmula bila kujua ninakula nini.

Kesho yake asubuhi Ami Moncef akaleta sahani ya baklawa ya Idi kama anavyoleta miaka yote. Sahani ikarudishwa kwake na baklawa yake yote, kitambaa hakikufunuliwa.

Tangu siku hiyo ni wiki tatu na salamu hakuna, na mimi nimejifunga kwa kamba yangu mwenyewe, kwa sababu nikimwambia Ami Tayeb niichukue mashine nikaiangalie kwangu, ananijibu, "Ya nini? Wewe mwenyewe umesema haina kasoro. Mgonjwa ni Moncef." Siwezi kuitengeneza mbele yake maana nitakuwa nimekiri ilikuwa mbovu. Ijumaa moja alipokwenda kuswali nikaiwahi, nikachomeka simu yangu kwa waya nipate mtandao, Mama Zakia anaingia na chai, anatoka, anaingia na lozi, anatoka, na mimi najenga ile draiva upya, ikanipa makosa arobaini na matatu, kwa sababu msimbo wangu ni wa miaka miwili iliyopita na keneli mpya imebadilisha mambo, na kabla sijafikiria kosa la kwanza mlango ukalia, mzee amerudi, nikafunika laptopu kama mwizi. Nikauliza kwenye jukwaa la chama chetu kwa jina la uongo, wakanijibu nisome mwongozo, na mmoja akauliza ni punguani gani anajenga draiva ile kwa mkono siku hizi. Wengine wakamuunga mkono, na kwa kuwa mimi ni katibu ikabidi nami nimuunge mkono, kusudi wasinishuku.

Lakini kilichonifanya niandike ni Jumatatu iliyopita. Ami Moncef alinisubiri pembeni ya mlango, akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, wewe unaingia humo kila wiki. Nimemkosea nini Tayeb? Kama ni ile saba ya uru, niliipata kwa haki, wallahi, lakini niko tayari kusema niliiba, alimradi anisalimie."

Nikamjibu, "Sijui, Ami."

Sasa Ami Tayeb amesema mwenzake hatakuwa shahidi kwenye ndoa yetu mwezi ujao, wakati hilo liliamuliwa tangu siku ya posa, na Jumapili analeta fundi auinue ukuta wa darini kati ya nyumba zao wasionane tena hata wakianika nguo, na amenichagua mimi kubeba matofali kwa sababu, anasema, "wewe ndiye uliyenifumbua macho."

Naomba msaada wako, Shangazi, yamenifika hapa. Nipe njia ya kuirudisha hiyo waifai kimya kimya, mtu asijue, dakika kumi zinatosha, ili Ami Tayeb akiwasha akute mtandao umerudi, aone Ami Moncef ameifungulia, amsamehe, na mambo yaishe kwa amani.

Ni mimi,
Mchumba Aliyekwama

*

Mchumba Aliyekwama,

Nilikaa kama ulivyoniagiza. Nikasoma, nikasimama, nikazunguka meza mara mbili, nikakaa tena. Mwanangu, wewe una akili nyingi sana na hujui pa kuziweka.

Tuanze na rika langu. Nilifanya kazi kwenye nyumba ya simu ya mji huu miaka thelathini na mmoja, nikiunganisha watu waliopendana na waliochukiana, na mashine zilizotuangusha ninazijua kwa majina. Linux unayonifafanulia kwa lugha nyepesi ndiyo ninayoitumia kuandika jibu hili. Mwaka juzi waifai yangu nayo ilitoweka baada ya keneli mpya, nami nilimlaani aliyefanya hivyo kwa dakika kumi nzima kabla sijakumbuka kwamba ninaishi peke yangu. Kwa hiyo hapo kwenye kuwashwa mkono nakuelewa na nakuhurumia kabisa. Lakini saa moja kabla ya mtoto kuonekana? Mashine inafanya kazi, mzee amevaa, samaki yuko mezani, na wewe unang'oa kiini! Wenzako wamesema tangu zamani, usiache mbachao kwa msala upitao. Siku ya shughuli mashine iliyo nzima haiguswi. Hilo liandike kwenye kanuni za chama chenu, wewe si katibu?

Sasa nikutoe wasiwasi wa mashine, maana huo ni mdogo. Hukuhitaji kujenga chochote. Mfumo wako ukiweka keneli mpya hauifuti ile ya zamani siku hiyo hiyo, unaiweka kando, na draiva yako uliyoifinyanga kwa mkono bado imekaa humo humo ndani ya ile ya zamani, nzima, inasubiri. Huioni kwa sababu menyu ya kuwashia uliificha wewe, umeniandikia hivyo mwenyewe kwa mwandiko wako ukapita bila kugutuka. Zima laptopu. Iwashe, na papo hapo uguse kitufe cha Esc, mara moja moja, usikitwange. Menyu itatokea. Ingia kwenye chaguo za ziada, chagua keneli yenye namba ndogo, subiri. Waifai itarudi kabla chai haijapoa. Ukishapata mtandao, ondoa hiyo draiva ya mkono, weka kifurushi pamoja na faili za keneli kinazozihitaji kujijengea, na tangu leo ule vya kupikiwa kama sisi wengine. Menyu iache ionekane sekunde tano. Mzee aliyepokea treni usiku na mvua maisha yake yote hatakufa kwa maandishi meupe.

Umeona? Dakika mbili. Na ndiyo maana nakukataza kuifanya kimya kimya.

Nimeisoma mara tatu ile sentensi yako ya mwisho. Ati waifai irudi, Ami Tayeb aone mwenzake ameifungulia, "amsamehe." Amsamehe! Amsamehe kosa gani, wewe kijana? Fundi viatu wa watu amekaa nyumbani kwake, mtandao wake ametoa, sahani yake ameleta, rafiki yake amempoteza, na wewe mpango wako mzuri ni kwamba apewe msamaha? Ukiitengeneza kwa siri, waifai itakuwa imepona na Moncef atakuwa amehukumiwa milele. Atasalimiwa, ndiyo. Atasalimiwa kama mtu aliyewahi kumnyima mwenziwe mjukuu akajirudi. Na siku moja, miaka kumi mbele, kwenye karata, Tayeb atamwambia, "Wewe si ndiye uliyenizuia siku ya Idi?", na mzee wa watu hatajua anaambiwa nini. Hiyo ndiyo amani unayoitaka?

Uoga wa mbele ya wakwe naujua. Mashangazi wanne sebuleni wanatosha kumfanya mtu mzima asahau jina lake. Neno lile la kwanza lilikuponyoka, na kwa lile peke yake ningekupiga kibao chepesi nikakuachia. Lakini lile la mlangoni halikukuponyoka. Mzee amekushika mkono, amejitolea kukiri wizi wa karata ambao hakuufanya, na wewe umemwambia, "Sijui, Ami." Hapo ulikuwa na muda wa kufikiri. Aliyekuombea mke kwa kusema hudanganyi, wewe umemlipa hivyo. Niseme wazi: nilipofika hapo nilikuchukia kidogo, nikaenda kunywa maji.

Basi sikiliza, na ufanye kama ninavyokwambia, kwa mpango huo huo, usinipangulie.

Jibu hili nimekutumia leo Jumanne. Gazeti linatoka Jumamosi. Majina tunaweza kuyabadilisha mimi na wewe mpaka tuchoke, lakini sahani ya baklawa iliyorudi na kitambaa chake, nani mtaani kwenu asiyeijua? Kwa hiyo una siku tatu.

Anza na Rihab, kesho, kabla hajaenda kazini. Mwanamke hatakiwi kusikia aibu ya mume wake mtarajiwa kutoka kwa watu wa nje. Atakasirika. Usijitetee, na nakuomba sana usimweleze draiva ni nini. Mwambie, "Niliiharibu mimi, nikaogopa, nikamsingizia Ami Moncef," halafu nyamaza. Sentensi hiyo inatosha, ukiirefusha utaiharibu.

Jioni yake nenda kwa Ami Moncef. Usibebe zawadi, zawadi zitakusaidia kuchelewa. Mwambie maneno yale yale. Kisha mwombe avuke nawe mpaka nyumba ya pili. Atavuka, huyo ni mtu aliyekuwa tayari kujiita mwizi kwa ajili ya salamu moja.

Mkifika kwa Ami Tayeb, usiiguse ile mashine. Hapa ndipo nawajua ninyi mafundi. Utataka uiwashe kwanza, ipone, watu wafurahi, halafu useme huku unacheka. Hapana. Ukiwasha kwanza watakushangilia, na mtu akishashangiliwa hakiri tena. Simama katikati ya sebule, mikono mitupu, useme. Ndipo umwombe ruhusa, na umwache yeye mwenyewe aguse kile kitufe, achague ile namba ndogo, aone kwa macho yake kwamba mtandao wa rafiki yake haukumfungia mlango hata siku moja. Halafu mpigieni Olfa, wazee wote wawili wakae mbele ya kioo kimoja.

Utaniuliza, akinivunjia uchumba je? Huenda akakufukuza, mimi siwezi kukudanganya. Lakini nimeunganisha simu za stesheni ile miaka mingi nikawasikia wakuu wake. Treni ikichelewa walikuwa wakilalama, wanaapa, wanakunywa kahawa, mwisho wanaivumilia. Ambacho hawakukivumilia hata mara moja ni mtu kuwaambia imeshafika na reli ni tupu. Akikufukuza, toka kwa adabu, kesho yake urudi ubishe tena. Akikwambia uyabebe yale matofali uyarudishe yalikotoka, yabebe yote peke yako wala usitafute mkokoteni.

Na chamani Jumamosi, mwombe radhi yule uliyemuunga mkono kukutukana. Alikuwa na haki kuliko alivyojua.

Jambo la mwisho, na hili sikukusudia kulitoa gazetini, ila naona bila hilo utanizungusha mpaka Jumapili. Wiki hii kutoka mtaa wenu nimepokea barua mbili. Ya kwako ina kurasa tano. Nyingine ni karatasi ya kufungia viatu, imeandikwa kwa mkono wa mzee asiyezoea kalamu, mistari mitatu: "Bibi, rafiki yangu wa miaka arobaini amenirudishia sahani ya Idi. Nataka kumwomba radhi lakini sijui nimefanya nini. Nifundishe nimwombe radhi ya nini."

Barua hiyo sitaichapisha peke yake. Nimemjibu leo, mstari mmoja, kwamba asimwombe mtu radhi, akae tu nyumbani kesho jioni, aweke kiti cha pili, jibu lake linakuja kwa miguu.

Usinifanye mwongo.

Shangazi Mabruka